Bwana Shamba na Vipepeo Wake wa Lehemu

Hapana, sikumlaani. Najua mtaniuliza, kila mtu huniuliza nikifika kwenye chupa, basi nimejibu mapema mniache niseme. Aliyenifia ni Kabula, kitinda mimba wangu. Aliyesema ile dawa ni maji ni Bwana Shamba. Hayo mawili yawekeni hapo mbele yenu, myaone wakati wote. Maana watu walisema ni mkono wangu uliokosea chupa, na mimi miaka mingi sana nilikuwa nautazama huu mkono, huu hapa, nauuliza: ni wewe?

Mengine nasema kwa sababu nilimpenda yule mzee. Na kwa sababu hapa Bariadi hakuna aliyebaki anayeweza kusema kwa sauti yake isipokuwa mimi.

Jina alikuwa nalo, lakini nani alilitumia? Hata mkewe alisimama mlangoni akaita, "Bwana Shamba, uji unapoa." Alitokea mbali, kwetu alikuja na baiskeli ya serikali na Kiswahili kilichonyooka kama fito. Sauti yake ilipita puani, taratibu, kama mtu anayedondosha mbegu shimoni moja moja. "Ndugu. Wananchi. Nafasi. Kati ya mstari. Na mstari." Sisi tunasinzia. Mtu anaamka, anamkuta bado yuko mstari wa pili.

Mrefu, mkavu, suti ya kaunda ya rangi ya majivu. Ile suti ilikuwa na mifuko minne, na kila mfuko una kiberiti, na hakuna kiberiti chenye njiti. Siku moja harusini mzee mmoja akamwomba moto awashe sigara yake. Bwana Shamba kasahau, katoa kiberiti, kafungua, kiwavi kikadondoka kwenye kiganja cha mzee wa watu. Mzee akatazama. Akasema, "Sasa hiki nakiwashia wapi?" Tulicheka mpaka bibi harusi akafunua uso. Bwana Shamba yeye hakucheka. Alipiga magoti kwenye vumbi na suti yake, anatafuta. "Msisogee. Tafadhali. Msisogee."

Swali lake lilikuwa moja duniani: "Anakula nini?" Ukimletea mdudu haulizi anaitwaje. Anasema jina ni letu sisi, mdudu hana shida nalo, mdudu ana shida ya jani lake. Kila mmoja ana mti wake, ukimpa mwingine anakufa huku majani yamemzunguka. Basi akazoea hivyo hata kwa watu. Mgeni akija mjini: "Huyu anakula nini?" Mkwe wangu mmoja alinuna, akadhani anaitwa mwizi. Nikamwambia, baba, wewe shukuru, amekuhesabu na vipepeo.

Lakini msidhani alikuwa mpole. Kwa watu alikuwa mkali kama upupu. Mnajua ilivyokuwa sheria ya pamba: ukimaliza kuvuna, ng'oa mabua yote, choma, wadudu wasilale humo wakusubiri msimu ujao. Sasa mabua ya pamba ni kuni nzuri, na kuni kwetu unazifuata mpaka miguu inavimba. Mimi mwaka mmoja niliyaficha nyuma ya nyumba, mzigo mkubwa, nimeufunika na majani. Akaja. Akanusa. Sisemi alitazama, nasema alinusa. "Mama. Haya ni nini?" Nikasema ni uzio. "Uzio. Unaolala chini?" Akachoma palepale, kuni zangu za miezi miwili, mimi nimesimama na sufuria mkononi.

Na kwake sasa. Nendeni mkaone kwake. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mawe makubwa, yale mawe yetu ya hapa, na katikati ya mawe pori kavu, miiba mitupu, hajagusa tawi. Sisi anatuchomea mabua, yeye anafuga pori. Nikamwambia hivyo mbele za watu, tena kwa sauti yake mwenyewe ya puani: "Ndugu. Wananchi. Fanyeni. Nisemavyo. Msichungulie. Nyuma ya nyumba." Watu wakaanguka. Kumbe kasimama nyuma yangu. Nikasema leo nimekwisha. Yeye akafikiri, akasema, "Umekosea kidogo. Mimi 'wananchi' siivuti hivyo. Rudia." Nikarudia. Akatikisa kichwa kama mwalimu. Tangu hapo tukawa marafiki, kama mwanamke asiyejua kusoma anaweza kuwa rafiki wa mtu mwenye vitabu.

Lile pori niliingia mara ya kwanza nikiwa na mimba ya Kabula. Nilitamani uchachu, na pale kwenye mawe kulikuwa na ule mti wa miiba, matunda mekundu, machachu mpaka meno yanakufa ganzi. Yeye aliuita mpingi. Bibi zetu walisaga mbegu zake wakapata mafuta ya kulainishia ngozi. Nimenyoosha mkono, nikasikia, "Usitikise." Nikajua nyoka. Nikakauka na tumbo langu.

Akaja polepole, akanionyesha jani. Sikuona kitu. Jani kavu limelala juu ya jani. Halafu jua likagusa, na lile jani kavu likawa na vitone, vitone vya fedha, kama fundi wa masufuria aliyeziba tundu, lehemu ikamrukia hapa na hapa. Nikasema, nani kachomelea jani? Likafunguka. Ndani jekundu kama kaa la moto, dogo, halifiki ukucha wa dole gumba. Likaruka, likatua jiweni, likafunga, likapotea tena. Zikabaki zile lehemu tu.

Akaniambia hivi ninavyowaambia. Kwamba huyu anakaa pakavu, hataki bustani. Kwamba mtoto wake, kiwavi, hapa kwetu anakula mpingi tu. Kwamba mchana kiwavi kinalala chini kwenye shina, kwenye nyumba ya sisimizi, na wale sisimizi hawakili, wanakilinda, kinawapa tone tamu mgongoni. Jua likielekea kuzama kinapanda kula, na sisimizi pembeni kama askari. Yeye alikuwa na kigoda chake pale, anakaa kila jioni kuwatazama wakipanda. Mkewe akasema, "Angekuwa na mwanamke mwingine ningejua pa kwenda kugomba."

Kisha akanitazama nikitafuna. "Na wewe sasa unakula mpingi." Nikasema si mimi, ni huyu wa tumboni. Akasema, "Basi naye nitamwandika." Akaandika kweli kwenye daftari lake. Kabula alipozaliwa, mvua inapiga, ndiyo maana ya jina lake, Bwana Shamba alikuja kumtazama, akauliza swali lake. Nikamwambia anakula titi, toka hapa.

Alipokua akawa wa huko huko. Mwembamba, midomo mikavu, mchokozi, kanirithi. Anakaa kwenye jiwe karibu na kigoda, hatikisi tawi. Watoto wengine wote Bwana Shamba alikuwa akiwafukuza. Kabula akimwambia, "Babu, leo wamepanda saba," anaandika. Hakwenda kuhakikisha. Saba ni saba.

Sasa, soko huria. Sisi tulilisikia redioni kabla hatujaliona. Mwanzoni tulifurahi, nisidanganye. Ushirika ulikuwa umetuchosha, unapeleka pamba yako inakaa. Wakaja wanunuzi na malori, kila mmoja na mzani wake, kila mmoja na tabasamu lake. Jana tulikuwa "ndugu", leo tumekuwa "wateja". Halafu ghala la ushirika likafungwa kufuli, na ndani ya lile ghala ndimo tulipokuwa tukichukua dawa ya pamba, yenye karatasi yake na alama yake ya fuvu, ambayo hata mimi nisiyejua kusoma nilijua kuisoma. Josho la ng'ombe nalo likakauka. Dawa ikahamia gulioni, kwenye chupa za soda, imezibwa na karatasi ya nailoni.

Na sisi tukafanya akili zetu. Josho hakuna, kupe wamejaa, basi tukapaka ng'ombe dawa ya pamba. Kupe wakafa. Tukaona, kama inaua kupe, kunguni je? Wakafa. Kama kunguni, chawa je? Unachanganya kidogo na maji, unampaka mtoto kichwani, unamfunga kitambaa, asubuhi unachana wafu. Nyumba zote zilifanya hivyo. Msinitazame hivyo. Bibi zenu wote walifanya, ila wenzangu chupa zao zilikuwa maji kweli.

Maana wachuuzi walikuwa wakituchezea. Wanazimua. Unapuliza shamba zima, funza wa pamba wananenepa. Hapo ndipo tulipomkumbuka Bwana Shamba, na yeye hapo tayari serikali ilikuwa imempunguza. Barua ilikuja, baiskeli ikachukuliwa. Siku hiyo nilimkuta kakaa kwenye kigoda asubuhi, saa isiyo ya vipepeo. Mimi na mdomo wangu nikamwuliza, "Na wewe sasa, Bwana Shamba, unakula nini?" Kila nikikumbuka naumia. Akasema, "Bado natafuta jani."

Watu wakaanza kumletea chupa. Wakija wanabishana, huyu anasema kali, huyu anasema maji, yeye anainua mkono: "Tusibishane. Twende kwa kiwavi." Anachukua viwavi kwenye kunde za mtu yeyote, anaviweka kwenye jani, anadondosha ile dawa, anafunika na bakuli. Kesho yake anafunua. Vikiwa vinatembea anasema, "Maji." Vikiwa vimekufa anasema, "Dawa." Neno moja, basi. Watu wanampa karanga, wanampa boga, wanaondoka wanamwamini kuliko redio. Mtu aliyekuwa akinuniwa tu sasa akawa anasubiriwa. Hata mabega yalinyooka tena.

Ukaja mwaka wa ukame. Vuli haikuonekana. Kunde hazikuota, mchicha haukuota, hata panzi alikuwa mzee. Ikadondoka mvua kidogo, tukapanda pamba kwa ubishi tu, na mchuuzi mmoja akaja gulioni na chupa zake. Kijana wa Mwanza, mfupi, anaongea kama cherehani: "Mamaa hii usiichezee mamaa, hii funga pua mamaa, hii hata nzi akisoma jina anakufa." Tukamcheka. Mume wangu akachukua chupa moja, tukaenda nayo kwa Bwana Shamba, na watu nyuma, maana kila mtu alitaka kujua kabla hajanunua.

Bwana Shamba akaipokea. Akainusa. Akatazama huku na huku, ile kunde ya kuchumia viwavi haipo. Kote kavu. Mahali pamoja tu palikuwa na ukijani, kwenye mawe yake, mpingi una mizizi mirefu.

Nani alisema? Mimi. Nilisema kwa sauti yake, kuchekesha watu: "Ndugu. Mbona. Una wale. Watoto wako. Wa mpingi."

Wakacheka wote. Yeye akanitazama, kisha akamtazama Kabula aliyekuwa amekaa jiweni. Akasema, "Njooni kesho."

Kesho tukaenda. Alikuwa amesimama mlangoni, chupa mkononi, hajanyoa. Mume wangu akauliza, "Enhe?" Akasema, "Maji."

Neno moja, kama kawaida. Akaturudishia chupa yetu. Wanaume wakaenda gulioni wakampiga yule kijana, wakamvunjia chupa zake zote, akakimbia na shati limebaki mkononi mwa mtu. Alikuwa analia, "Nusuni! Si mnuse tu!" Nami nilimwigiza wiki nzima, watu wanacheka. Nusuni. Si mnuse tu.

Chupa yetu sikuitupa. Chupa unaitupaje? Ikakaa uvunguni.

Zikapita kama siku kumi, Kabula akarudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa ajili ya chawa. Kichwa alikuwa amekikuna mpaka vidonda. Nikafikiri, hii ni maji, lakini maji yaliyopita kwenye dawa, haishindwi na chawa. Na kwa kuwa ni maji, sikuizimua. Nikampaka yote. Anacheka, anasema inawasha, ananiigiza mimi nikimwigiza mchuuzi: "Hata nzi akisoma jina." Nikamfunga kitambaa, nikamwambia kaa kivulini.

Sitaki kusema mengi hapa. Alianza kutokwa na mate. Halafu akawa anatetemeka, macho yamekuwa madogo. Baba yake akampakia kwenye baiskeli ya jirani, mimi nakimbia nyuma nimemshika mgongo. Hatukufika hospitali ya Somanda.

Msibani walitafuta sababu. Wengine wakasema kalogwa. Lakini baba yake alikuwa na lake, akalisema mbele za wazee, na sauti yake hiyo sitaiigiza: kwamba ile dawa ilikuwa maji, Bwana Shamba kaijaribu, kila mtu alisikia. Basi nyumbani kulikuwa na chupa nyingine, ya zamani ya ushirika, karatasi yake imebanduka, na mimi nisiyejua a wala be nimechukua hiyo. Nikasema haikuwapo nyingine. Wakasema, "Ungejuaje?" Hapo walinipata. Ningejuaje. Mwaka wa kwanza nilibisha. Wa pili nikaanza kuiona hiyo chupa nyingine uvunguni, rangi yake, kizibo chake. Nikaiona vizuri kabisa. Baba Kabula akaoa kwingine, Maswa huko. Sikumlaumu. Nani anakaa na mkono kama huu?

Na Bwana Shamba? Alikuja msibani, akasimama nje ya boma, hakuingia. Nilimwona juu ya vichwa vya watu. Siku ya matanga kuisha tukaona moshi kwenye mawe yake. Alikuwa ameikata mipingi yote, shina kwa shina, ameing'oa mizizi, ameipanga kama alivyokuwa akitupangia mabua ya pamba, na anachoma. Sisimizi wamejaa miguuni kwake wanamuuma, hajikuni. Watu wakasema sasa njaa imemfundisha, anataka kulima. Hakulima. Pale pamebaki mawe matupu mpaka leo, na wale vipepeo sijawaona tena, mahali popote, na nimetafuta.

Chupa hakupima tena. Mtu akimletea anasema macho hayaoni. Na kitu kingine, mimi nilikiona peke yangu: tangu siku hiyo hakuniita Mama Kabula. Watu wote waliniita, mpaka leo wananiita. Yeye akikutana nami anasema, "Mwangaluka, mayu," salamu ya Kisukuma kwa mama yeyote, ambayo zamani ilikuwa inamshinda, na anapita haraka. Nilidhani ananionea kinyaa, kama wengine. Hilo liliniuma kuliko la Baba Kabula.

Miaka ilikwenda. Mkewe akafa. Nikasikia yuko ndani, hainuki. Nikasema ngoja nimwone, hata kama hanitaki, mtu aliyekunusia mabua yako huwezi kumwacha afe bila kumtania. Nikachukua matobolwa kidogo, viazi vyetu vilivyokauka, nikaenda mchana.

Alikuwa kwenye kitanda cha kamba, mlango wazi, amebaki mifupa na ile kaunda. Macho kweli sasa hayaoni. Nikasimama mlangoni, nikatoa ile sauti ya puani: "Ndugu. Mwananchi. Unakula. Nini?"

Mdomo ukatetemeka, nikajua anacheka. "Umeivuta 'mwananchi'," akasema. "Miaka yote hii bado unaivuta."

Nikakaa. Nikamlowekea kiazi, nikamlisha. Alitafuna taratibu. Tukasema ya mvua, ya ng'ombe, ya watu waliokufa. Nikaona leo hapiti haraka, hana miguu ya kupita. Basi nikamchokoza kama zamani. Nikasema, "Bwana Shamba, mimi ulinichomea kuni zangu, sawa, ni sheria. Ile mipingi yako ilikukosea nini?"

Akaacha kutafuna. Akageuza uso kwenye sauti yangu. Kiazi kiko mdomoni, hajakimeza.

"Mama Kabula," akasema, "ile chupa sikuijaribu. Niliwahurumia viwavi."